Kupanda Mashua na Mama Mkwe

Mtu mwingine angeingia kwenye kile kibanda, akaiona ile mashua, akafikiria maji. Ambrosi alifikiria mabenchi. Aliingia nyuma ya mzee Kornel, mwenye mali, akasimama macho yakizoea giza, na palepale akajua kwamba ubavu mmoja utampa viegemeo viwili, sakafu itampa vikalio vinne, na mlingoti, kama mchwa hawajaupitia, ni miguu ya kutosha bila kuunga hata mmoja. Akagonga ubao kwa kidole. Mninga. Mninga mzee, mwekundu, uliokauka miaka thelathini chini ya bati. Siku hizi Tabora mbao za namna hiyo unazisikia tu kwenye maongezi, na ukizipata lazima uwe na kibali, na ukiwa na kibali unaulizwa kibali cha kibali.

Mashua yenyewe ilikuwa na urefu wa hatua saba hivi, imejaa vumbi na mavi ya popo. Padri mmoja Mholanzi ndiye aliyeiunda kwa mikono yake, akawa anatembea nayo kwa tanga kwenye Bwawa la Igombe kila Jumatatu. Alipofariki ikabaki kwa Kornel, aliyekuwa katekista wake, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka.

"Nimeshafukuza watu wanne," Kornel alisema. "Watatu mafundi seremala, mmoja mchoma mkaa. Chombo hiki siuzi kwa mtu wa kukata. Wewe bwana, kazi yako nini?"

Ambrosi alikuwa fundi seremala tangu ana miaka kumi na saba, na penseli ya kazi ilikuwa juu ya sikio lake la kulia wakati huohuo. Levina, mkewe, akamsogelea, akampangusa sikioni kama anayemtoa utando wa buibui, penseli ikapotelea ndani ya kanga.

"Mimi mkulima," Ambrosi alisema. Haukuwa uongo mtupu. Alikuwa na nusu eka ya karanga.

"Na mashua unaitakia nini?"

"Kusafiria. Kwetu ni ng'ambo ya bwawa, mzee. Nimechoka kuzunguka."

Macho ya Kornel yakalowa. Akavua kofia, akaivaa tena. Halafu, bila kuombwa, akashusha bei kutoka laki tatu hadi laki mbili. Jambo hilo lilimchoma Ambrosi rohoni, lakini halikumchoma kiasi cha kukataa punguzo. Levina akafungua pindo la kanga, akahesabu, Kornel akapokea.

Mpango wa mume na mke ulikuwa mwepesi. Kesho yake Ambrosi angerudi na msumeno pamoja na kijigari cha kukodi, mashua ingekatwa humohumo kibandani, na mwisho wa mwezi kwaya ya Moravian ingekaa kwenye mabenchi manne mapya. Ila Kornel hakuwa amepewa mpango huo.

"Haya," alisema, akisugua viganja. "Niite vijana tuisukume. Nataka nikuone ukiondoka nayo."

"Leo?"

"Leo. Nina miaka sabini na minane, bwana. Kesho yangu mnaijua ninyi?"

"Baba, leo tuna mgeni," Levina alidakia, akionyesha nje.

Nje, kwenye kiti cha nyuma cha bajaji, aliketi Nyamizi, mama yake Levina, kanga imemfunika hadi kwenye nyusi, uso ameugeuzia upande wa pili. Wiki iliyopita mvua ilikuwa imeangusha ukuta wa nyumba yake kule Igalula. Asubuhi hiyo alishuka treni akiwa na godoro, mto wa sufi, sufuria mbili na jogoo. Alikuja kukaa kwa binti yake mpaka ukuta utakapojengwa, na hakuna aliyethubutu kuuliza utajengwa na nani.

Hilo ndilo lililomkosesha Ambrosi usingizi tangu habari ifike. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na mlango mmoja, na yeye alilelewa kwa taratibu za kizamani: mama mkwe unamwamkia kwa mbali, umechuchumaa, macho chini. Huli mbele yake. Humtaji jina, naye hakutaji. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa walikuwa hawajawahi kusemeshana ana kwa ana zaidi ya shikamoo na marahaba. Asubuhi hiyo, kutoka stesheni, Ambrosi alikaa mbele na dereva kwa tako moja ili mgongo wake usiguse kiti cha nyuma.

Angeweza bado kujinasua, lakini wakati huo pikipiki ilitokea kwenye kona, imejaa matope hadi kwenye taa. Aliyekuwa anaiendesha aliitwa Masolwa, bodaboda wa njia ile.

"Kalavati la njia ya ng'ambo limeondoka!" alitangaza kwa furaha ya mtu mwenye habari mbaya ya kwanza. "Usiku mvua imelibeba lote. Hata baiskeli haipiti. Labda muogelee."

Dereva wa bajaji aliposikia hivyo akashusha godoro, akachukua nauli yake, akageuza. Kornel akainua mikono juu kama yuko altareni.

"Mungu mkubwa! Mashua imepata siku yake."

* * *

Vijana sita waliisukuma hadi ukingoni. Juani ndipo Ambrosi alipoiona vizuri. Kati ya ubao na ubao palikuwa na nyufa, nyingine za kuingiza sarafu ya mia. Fundi yeyote anajua: mbao zilizokauka hivyo unazilaza majini siku tatu, zinywe, zivimbe, zibanane. Bila hivyo umepanda chujio. Fundi angesema. Lakini mkulima wa karanga angejulia wapi mambo hayo?

Akafungua mdomo. Akamwona Kornel anapangusa jina lililofifia pale mbele kwa mkono wa shati. Akaufunga.

"Haivuji, mzee?" aliuliza tu.

"Padri hakuwahi kulalamika."

Kornel akamfungia tanga, akamfundisha. Elimu yake ilikuwa na mipaka, kwa kuwa kazi yake enzi hizo ilikuwa kukaa mbele na kushika kofia ya padri. "Kamba hii unavuta, tanga linakaza. Ukilegeza, linalegea. Huu usukani, ukitaka kwenda kulia unasukuma kushoto, usiniulize kwa nini. Na upepo ukigeuka padri alikuwa anasema neno moja la Kiholanzi. Nalikumbuka mpaka leo, ila seminari waliniambia ni tusi."

"Tufundishe hivyohivyo," Levina alisema. "Huenda ndilo linaloiendesha."

Nyamizi alikuwa amesimama hatua kumi kutoka hapo, jogoo kwapani, mgongo kwa mkwewe.

"Levina, mwambie mwenzio kwamba mimi na yeye hatuenei humo."

"Mume wangu, mayu anasema hamuenei."

"Mwambie mama hakuna njia nyingine."

"Mayu, anasema..."

"Nimesikia, siyo kiziwi. Mwambie nitakaa mbele kabisa, nitatazama mbele. Na yeye akae nyuma kabisa, atazame nyuma."

"Mayu, anayeshika usukani hawezi kutazama nyuma."

"Basi atazame chini."

Ndivyo walivyoondoka. Mbele Nyamizi, amejifunika kanga kama maiti aliyekaa. Nyuma Ambrosi, ameyakodolea macho magoti yake. Katikati Levina, posta. Ukingoni Kornel alikuwa akipunga kofia na kulia waziwazi, na Masolwa aliyekuwa na haraka zake zote alizima pikipiki ili asikose kitu.

* * *

Kwa robo saa ya kwanza mambo yalikuwa mazuri kiasi cha kutia mashaka. Upepo ulikuwa nyuma yao, tanga likavimba, na zile mbao nzee zikaanza kukata maji kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Ambrosi alisahau kidogo magoti yake, akainua macho. Ng'ambo yao ilikuwa inakuja, mnara wa simu na mikorosho miwili mitatu ya mwalimu mstaafu. Hakuwahi kupelekwa mahali na kitu ambacho hakina injini wala hakili majani.

"Ambrosi," Levina alisema. "Maji."

"Ni ya kawaida."

"Yamefika kwenye kifundo."

"Yatapungua."

Jogoo alikuwa ameshahamia juu ya godoro. Levina akamtazama mumewe usoni, naye akarudisha macho magotini haraka mno. Miaka kumi na tisa si michache. Levina akajua.

"Ulijua."

"Nilijua nini?"

"Mbao zimekauka. Wewe hata stuli ya jikoni ulinikataza nisiiache juani. Ulijua inavuja, ukampandisha mama yangu, kwa sababu uliona haya kumwambia yule mzee kwamba wewe ni seremala."

"Wewe ndiye uliyeficha penseli!"

"Nilificha penseli! Sikuficha tundu!"

Kanga ya pale mbele ikatikisika. "Levina, mwambie mwenzio aeleze vizuri. Seremala mashua anaitakia nini?"

Palepale, chini ya miguu ya Nyamizi, kipande cha lami ya zamani kilibanduka na maji yakaingia kama bomba lililofunguliwa. Kikongwe akapiga yowe, akanyanyua miguu. Mashua ikainama. Ambrosi hakujua kuogelea. Levina hakujua kuogelea. Nyamizi hakuwahi kuingia kwenye maji ya kuvuka magoti tangu abatizwe. Ukingo ulikuwa bado mbali, na makasia, sasa ndipo walipokumbuka, yalikuwa yamebaki kibandani.

"Shika usukani!" Ambrosi alimwambia mkewe. Akachomoa nyundo na patasi kwenye mfuko wa kazi, ambao hata siku hiyo hakuuacha nyumbani, akapiga magoti majini, akatambaa kwenda mbele, hadi alipobakiza hatua moja kumfikia mama mkwe. Hapo akasimama. Tundu lilikuwa chini ya kile kikalio alichokalia Nyamizi. Kulifikia ilibidi alale kifudifudi na kupitisha kichwa katikati ya miguu ya mtu ambaye hakuwahi hata kumtazama kidevu.

"Levina," alisema, "mwambie mama asogeze mguu."

Levina alikuwa anashika usukani kwa kwapa na kuchota maji kwa sufuria. "Mwambie mwenyewe!" alipiga kelele. "Posta imefungwa!"

Maji yakapanda. Ambrosi akafumba macho, akajitupa chini, akaingia. Suruali, iliyokuwa imevumilia mengi mwaka huo, ikapasuka kutoka mkandani hadi gotini. Akasikia upepo mahali ambapo hakutarajia. Akapapasa, akalipata tundu, refu kama kiganja, lakini hakuwa na kitu cha kuliziba isipokuwa vidole vyake.

Juu yake Nyamizi alikuwa ameanza wimbo wa mazishi. Akaukatisha katikati.

"Ambrosi!"

Alishtuka hadi akagonga kichwa. Hakuwa amewahi kulisikia jina lake kutoka kinywani mwa mama mkwe.

"Ambrosi, unatafuta nini huko?"

"Kitu cha kuzibia, mama."

"Cha namna gani?"

"Kama pamba. Kama sufi."

Nyamizi akauvuta mto wake, akaung'ata kwa meno yake yaliyobaki, akauchana. Sufi ikaruka hewani, ikawavaa usoni wote watatu na jogoo. "Shika! Shika nyingine! Pigilia! Acha kunionea haya, haya zako zitanizamisha! Sogea kushoto, huko unapigilia mguu wangu!"

Ambrosi akaizungushia sufi kipande cha kanga aliyoichana kikongwe mwenyewe, akaishindilia kwa patasi, akagonga, tena, tena, huku Nyamizi akimkabidhi na kumtukana kwa Kinyamwezi na kumwita mwanangu, vyote kwa pumzi moja. Bomba likawa mchirizi. Mchirizi ukawa jasho. Levina akachota, akachota, akaacha kuchota, akalia.

Tanga hakuna aliyejua kulishusha. Neno la Kiholanzi Levina alilisema mara tatu na halikusaidia. Kwa hiyo walifika ng'ambo kwa kasi yote waliyokuwa nayo, wakapita katikati ya ng'ombe waliokuwa wakinywa maji, wakapanda kwenye tope na kusimama ghafla, na wachungaji watatu walikuwa wameshatoa simu zao. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kimeona video, na Ambrosi akawa Nuhu.

Nyamizi alishuka mwenyewe. Akakanyaga nchi kavu, akavuta kilichobaki cha kanga juu ya kichwa, akampa mkwewe mgongo.

"Levina," alisema, "mwambie mwenzio ahsante. Na mwambie avae suruali."

* * *

Levina hakumsemesha mumewe siku ile wala asubuhi yake. Chakula alimwekea, maji ya kuoga alimwekea, na kila alichoweka alikiweka kwa kishindo. Ambrosi alipokwenda dukani kununua misumari, muuzaji aliuliza kama wanyama wamepanda wawili wawili. Alicheka pamoja naye, kwa kuwa angefanya nini?

Aliporudi nyumbani alimkuta mkewe amekaa kizingitini, uso umevimba.

"Mayu anataka kurudi Igalula."

"Nyumba haina ukuta."

"Anasema bora nyumba isiyo na ukuta kuliko kulala nyumba moja na mkwe aliyemwona mapaja. Ameshafunga godoro, halijakauka hata." Akafuta pua. "Unajua kinachoniuma? Siyo maji. Ungemzika mama yangu kwa kuona haya mbele ya mtu usiyemjua. Mimi ningeolewa na mkulima wa karanga, ningejua moja."

Ambrosi alisimama na misumari yake. Alitaka kusema alikuwa anawatafutia riziki, na ilikuwa kweli, lakini alisikia rohoni namna neno hilo litakavyosikika likitoka. Akaweka misumari chini. Akaenda uani, mahali ambapo kivuli cha Nyamizi kilionekana ndani ya mlango, akachuchumaa umbali wa hatua kumi, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, nilijua inavuja. Kabla hujapanda nilijua. Sikusema kwa sababu nilishadanganya, nikaona aibu kurudi nyuma. Kosa ni langu, Levina hakujua. Usiondoke. Ukiondoka mimi ndiye nimekufukuza."

Jogoo akapita katikati yao akitafuta chochote.

"Levina!" Nyamizi aliita, ingawa Levina alikuwa mbali na hakusikia. "Mwambie mwenzio nimesikia. Mwambie lakini mlango ni mmoja. Mtu anatoka kuoga, mtu anaingia kula, tutagongana kila siku kama mbuzi. Mimi siwezi kujificha ndani ya kanga mpaka nife."

Mchana huo Ambrosi alichukua nyundo na tindo akatoboa ukuta wa nyuma wa chumba cha wageni. Hadi jua linashuka palikuwa na tundu la urefu wa mtu, na siku iliyofuata palikuwa na fremu, na siku ya tatu mlango wa mninga wenye rangi ya bluu ya mashua upande mmoja, ukifungukia kwenye shamba la mihogo. Nyamizi aliufungua na kuufunga mara sita. Akafungua godoro. Levina akaanza kuweka sahani bila kishindo.

* * *

Siku ya tano kalavati lilijazwa mawe, na siku hiyohiyo Kornel alifika nyuma ya pikipiki ya Masolwa, amevaa koti, ameshika makasia mawili wima kama askofu na fimbo.

"Mliyasahau," alisema akishuka. Kisha akaona.

Mashua ilikuwa kwenye mawe uani, nusu mashua. Ubavu wa kulia haukuwepo. Mbao zilikuwa zimepangwa kwa urefu, na benchi moja lilikuwa limeshasimama likisubiri randa. Ambrosi alikuwa na msumeno mkononi na penseli sikioni, na safari hii hapakuwa na wa kumpangusa.

"Mzee Kornel," alisema. "Mimi ni fundi seremala."

"Najua."

"Unajua?"

"Uliingia kibandani ukagonga ubao, ukasikiliza. Mkulima hagongi ubao." Kornel akalaza makasia chini taratibu. "Wale wengine watatu waliniambia ukweli. Mtu akikuambia ukweli huna la kumfanya, ukimuuzia anachukua mbao anakwenda. Wewe ukasema unasafiri. Nikasema huyu ndiye, huyu atasafiri, hana pa kutokea. Miaka thelathini sijaiona ikiwa majini."

Ambrosi akashusha msumeno. "Na kuvuja?"

"Ilikuwa inavuja tangu padri yuko hai. Tulizama nayo mara mbili. Ndiyo maana nilikuwa nashika kofia."

Mlango wa bluu ulifunguka kwa nguvu nyuma ya nyumba. Nyamizi akazunguka kona bila kanga kichwani, mwiko mkononi.

"Kwa hiyo mlijua wote wawili!" alisema, na hakumtuma mtu. "Huyu alijua na wewe ulijua! Watu wazima wawili, mmoja na mvi zake, mmoja mume wa mtu, mnacheza kudanganyana, na mimi ndiye mmeniweka mbele pale penye tundu! Ningekufa mngemwambia nini padri? Mngemwambia nini Mungu? Tena mto wangu nani atalipa?"

Wanaume wawili walitazama chini, wote, kama wanafunzi. Masolwa akajifanya anakagua tairi. Nyamizi akawafokea hadi pumzi ikamwishia, akaona kwamba anamtazama mkwewe usoni, akageuka na kurudi alikotoka, lakini hakukimbia. Mlango ukafungwa. Baada ya muda sauti yake ikatoka ndani, ndogo kidogo: "Levina, mpe mgeni maji."

Kornel alikunywa maji. Akazunguka kilichobaki cha mashua, akapitisha kiganja juu ya benchi, pale ambapo ubao wa ubavuni ulikuwa umepinda na kufanya egemeo.

"Benchi refu hivi ni la kanisani. La kanisa gani?"

Ambrosi alikuwa ameliogopa swali hili kuliko yote. "Moravian," alisema. "Kwaya."

Uso wa katekista mstaafu ulipitiwa na mambo mengi. Akakaa kwenye lile benchi. Akaegemea. Likamshika mgongo vizuri.

"Watakaa wangapi?"

"Ishirini, yakikamilika manne."

Kornel akafikiri.

"Padri hakuwahi kupata zaidi ya watu watatu wa kukaa humu," alisema. "Na mmoja alikuwa anaogopa kumwambia hapana." Akasimama, akavua koti, akalitundika kwenye mlingoti, akaenda kushika ncha ya ubao upande wa pili. "Haya, kata. Lakini usinipindishie."